Mwanga Unaopenya Ganda

Sanduku lilikuwa la plaiwudi, ndani limebandikwa maboksi tabaka mbili, na kazi yote ya kupasha joto ilifanywa na globu mbili za wati 60, zile za zamani zenye waya unaowaka. Mama mmoja wa Kibaha, muuguzi mstaafu, alilinunua kwa fundi wa mtaani, akaliweka chumba cha uani, na usiku wa kwanza akalala mlango wazi ili awe anachungulia. Joto likishuka, globu zinawaka. Joto likifika, zinazimika. Hadi alfajiri chumba kile kilikuwa kinapepesa kama jicho lenye usingizi.

Aliyemfundisha kufuga alikuwa bibi yake, huko Muheza. Bibi alimlaza kuku kwenye tenga kuukuu nyuma ya mafiga, mahali pa giza na joto. Kila asubuhi kuku alishuka, akala, akanywa, akajigaragaza majivuni, kisha akarudi mbiombio. Katika dakika hizo chache jua lililopenya makuti liliangukia mayai. Mtoto alikatazwa kuyagusa, lakini kuyatazama aliruhusiwa, na picha ile ya mayai yaliyoachwa peke yake, yana madoa ya mwanga, ilikaa kichwani mwake miaka mingi bila kazi yoyote.

Ilimrudia aliponunua mashine ya pili. Wateja wa vifaranga walikuwa wameongezeka, sanduku likawa dogo, naye akapata mashine ya bati inayopasha joto kwa koili, iliyofungwa pande zote. Kwa kila kipimo alichokijua, mashine ile ililishinda sanduku. Joto halikuyumba, unyevu ulikaa pale alipoupanga, na trei zilijigeuza zenyewe bila mtu kuamka usiku. Ndani yake kulikuwa na giza totoro.

Baada ya kutotolesha mara tatu nne, alianza kuona jambo ambalo hakujua aliandike safu gani kwenye kaunta buku lake. Vifaranga wa mashine ya bati walikuwa waoga. Akifungua mlango wa banda, walikimbilia kona moja wakalundikana, wa chini wakahema kwa shida. Wale wa sanduku waliinua vichwa, wakamtazama, wakaendelea kula. Mtu aliyetumikia wodi miaka thelathini hatoi hukumu kwa kuangalia tu. Alijua fika kwamba kundi hili na lile yanaweza kutofautiana kwa mayai ya mama gani, kwa baridi ya wiki ile, hata kwa mtu aliyewapelekea chakula. Basi akaliweka swali akiba, hadi mpwa wake aliyekuwa akisoma chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro, alipokuja likizo na bahasha ya karatasi alizochapisha.

Karatasi za kwanza zilizungumzia kazi ya Lesley Rogers, mtafiti wa Australia ambaye baadaye alikuwa profesa katika University of New England, mjini Armidale. Miaka ya 1970 wanasayansi wengi waliamini kwamba ubongo wenye kazi moja kushoto na kazi nyingine kulia ni wa binadamu peke yake. Rogers aliwadunga vifaranga kiasi kidogo cha dawa inayozuia ubongo kutengeneza protini, wengine nusu ya kushoto, wengine nusu ya kulia. Kisha akawapa kazi ambayo kila kifaranga wa uani anaijua: kuokota punje za chakula kwenye sakafu yenye vijiwe vidogo. Waliodungwa kushoto walidonoa vijiwe na punje ovyo, hawakujifunza. Waliodungwa kulia walijifunza kama kawaida. Matokeo hayo yalitoka mwaka 1979, na tangu hapo ubongo wa kuku ukaanza kutazamwa kwa heshima.

Kwa ndege, jicho la kulia hupeleka habari zake hasa nusu ya kushoto ya ubongo, na jicho la kushoto hupeleka nusu ya kulia. Kwa hiyo jicho la kulia la kifaranga ni la kuchambua: hii punje, hii kokoto. Jicho la kushoto ni mlinzi. Huangalia kilicho kigeni, na kilicho juu.

Mwanga unaingiaje hapo? Siku za mwisho kabla ya kuanguliwa, kiinitete hujikunja ndani ya yai kwa namna ileile. Kichwa hugeukia kulia, jicho la kushoto likabanwa na mwili wenyewe, na jicho la kulia likabaki limeelekea ganda karibu na chumba cha hewa. Mwanga ukipiga yai, jicho la kulia linaupata na la kushoto linabaki gizani. Mwaka 1982, katika jarida la Nature, Rogers alionyesha kwamba mwanga huo ndio unaoupa ubongo wa kifaranga sehemu ya mgawanyo wake wa kazi. Saa chache tu karibu na siku ya 19 zinatosha. Mwaka 1990 alieleza jaribio jingine, la mkono mwepesi kweli: alikitoa kichwa cha kiinitete nje ya ganda kabla ya wakati, akafunika jicho la kulia, akaliacha la kushoto lipate mwanga. Mgawanyo ukageuka, la kulia likawa kushoto. Si kila tofauti ya pande hizo mbili inategemea mwanga, kwani nyingine zipo hata kwa vifaranga wa gizani. Lakini hii ya kutenganisha punje na kokoto inategemea.

Mama huyu alizisoma kurasa hizo mara mbili, kisha akaomba asomewe karatasi iliyofuata.

Iliyofuata ilikuwa ya mwaka 2004. Rogers, pamoja na Paolo Zucca na Giorgio Vallortigara wa Italia, waliwapa vifaranga kazi mbili kwa wakati mmoja: kutafuta punje kati ya vijiwe huku kivuli chenye umbo la ndege mla nyama kikipita juu yao. Walioatamiwa kwenye mwanga waliziweza zote mbili. Walioatamiwa gizani walivurugikiwa, na kadiri kivuli kilivyoendelea kupita ndivyo walivyozidi kukosea punje.

Huko Kibaha kivuli hicho si cha karatasi. Mwewe huzunguka juu ya mikorosho tangu saa tatu asubuhi, na mfugaji wa kuku wa kienyeji anayewaachia vifaranga wake nje anajua kwamba kideri kina chanjo lakini mwewe hana. Kifaranga anayeinamia chenga za mchele na asiinue jicho hata mara moja hamalizi wiki. Mpaka hapo mama yule alikuwa akiupima ubora wa vifaranga kwa idadi, uzito na kitovu kilichofunga vizuri. Hakuwahi kufikiri kwamba umakini wa kifaranga huenda ulianza kujengwa ndani ya chumba chake cha uani, kabla ganda halijapasuka.

Kosa alilolifanya baada ya hapo ni la kusimuliwa kikamilifu, kwa sababu wengi wanalirudia hadi leo.

Alisikia kutoka kwa mpwa wake kwamba mwanga mwekundu umeonyesha matokeo mazuri. Akaenda dukani kuulizia taa nyekundu. Muuzaji akampa globu nne za waya zilizopakwa rangi nyekundu, naye akamwita fundi azifunge ndani ya mashine ya bati.

“Shikamoo mama. Nizifunge chini au juu?”

“Marahaba mwanangu. Zifunge juu, mayai yote yapate.”

Fundi akazifunga juu. Kipimajoto cha mashine kilikuwa chini, karibu na mlango, nacho kilisoma 37.7 asubuhi, mchana na jioni. Kila kitu kilionekana sawa. Siku ya 19 vifaranga wa trei ya juu wakaanza kutoboa ganda, mapema mno. Walitoka wadogo, wamelowa, kitovu kiko wazi na kina damu. Wengine walifia ndani, mdomo umekwisha kupita utando wa chumba cha hewa. Aliyapasua mayai yaliyobaki moja baada ya jingine juu ya gazeti, kama alivyozoea kutafuta sababu ya kifo alipokuwa kazini, na karibu trei nzima ya juu ilikuwa viza au maiti zilizokamilika. Trei ya chini kabisa ilikuwa nzima.

Rangi haikuwa imeua yai hata moja. Globu ya waya hugeuza sehemu kubwa sana ya umeme wake kuwa joto na kutoa mwanga kidogo tu. Ukiipaka nyekundu, rangi hiyo inazuia mwanga mwingine usitoke, nao unageuka joto lile lile. Mayai yaliyo chini yake yanapata joto la moja kwa moja kwenye ganda, hata kama hewa inayopita kwenye kipimajoto haijabadilika. Na kiinitete hakisamehe: nyuzijoto moja au mbili juu ya 37.8 kwa siku kadhaa zinatosha kukiharakisha, kukidhoofisha na kukiua.

Aliposoma zaidi, alikuta kwamba hata wanasayansi walikwama hapohapo. Mwaka 1964 Lauber na Shutze walichapisha matokeo kwamba mayai yaliyomulikwa yalikuza viinitete haraka zaidi. Kwa miaka mingi baadaye ubishi ukawa: ni mwanga au ni joto la taa? Taa za LED ndizo zilizosaidia kuvitenganisha viwili hivyo, kwa sababu hazimwagii ganda joto kama globu, na zinaweza kutoa rangi moja safi bila kupakwa chochote. Ndiyo maana masomo mengi yanayofaa kutegemewa juu ya rangi ni ya miaka hii ya karibuni.

Kati ya hayo, lililomkaa rohoni ni la Gregory Archer wa Texas A&M University, la mwaka 2017. Archer alichukua mayai 6,912 ya kuku wa nyama na kuyagawa mafungu manne: giza, kijani, nyekundu na nyeupe, kwa muda wote wa kuatamiwa. Mayai yenye mbegu yaliyokuwa chini ya taa nyeupe na nyekundu yalianguliwa kwa wingi kuliko ya kijani na ya gizani. Rangi zote tatu zilitoa vifaranga wengi zaidi wasio na kasoro kuliko giza. Walipokua, wote waliotoka kwenye mwanga walikuwa na woga mdogo na homoni ya mfadhaiko ya chini kwenye damu, lakini kinga ya mwili iliyopanda na viungo vilivyolingana vizuri kulia na kushoto vilionekana kwa wa nyeupe na nyekundu tu. Uzito wao wa siku 45 haukutofautiana.

Hapo kwenye uzito ndipo hadithi inapogawanyika. Huko Hebrew University of Jerusalem, Israel Rozenboim, Orna Halevy na wenzao wamefanya kazi ya miaka mingi juu ya mwanga wa kijani. Mwaka 2006 walionyesha kwamba mayai yaliyomulikwa kijani yalitoa vifaranga wenye seli nyingi zaidi za kujenga misuli ya kifua, na misuli hiyo ikakua zaidi katika siku za mwanzo. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema “taa ya kijani ndiyo bora” na mwingine anasema “nyekundu ndiyo bora”, huenda wote wawili wamesoma kitu cha kweli. Mmoja alipima nyama ya kifua, mwingine alipima uanguaji na utulivu. Na kuku waliopimwa, nguvu ya taa na saa za kuwaka havikuwa vilevile.

Kuna jambo la tatu ambalo wauzaji wa taa hawalitaji, nalo ni ganda. Limulike yai usiku kwa tochi ya simu, chumba kikiwa giza. Taa ni nyeupe, lakini yai linang'aa rangi ya machungwa inayoelekea wekundu. Ganda na vilivyomo ndani vimenyonya buluu na sehemu ya kijani, vikaruhusu wekundu upite. Ganda la kahawia, lenye rangi iitwayo protoporfirini, hunyonya zaidi kuliko jeupe. Maana yake, rangi unayoifunga kwenye mashine siyo hasa rangi inayomfikia kifaranga. Mayai ya kuku wa kienyeji hutofautiana hata ndani ya trei moja: jeupe, la maziwa, la kahawia hafifu, la kahawia iliyokolea. Matokeo ya Texas yalitokana na mayai ya aina moja ya kuku. Mama wa Kibaha alifanya jambo la busara alipokataa kuyachukua kama yalivyo, akaamua kujaribu mwenyewe kwa taa nyeupe, ambayo ndani yake mna nyekundu na kijani pia.

Safari hii alianza na joto. Alinunua vipimajoto vitatu, akaviweka kwenye trei ya juu, ya kati na ya chini, usawa wa mgongo wa yai. Akanunua utepe wa LED nyeupe, na ile adapta yake inayochemka akaiweka nje ya mashine. Akawasha mashine tupu siku mbili, taa zikiwaka, ndipo akaridhika kwamba nyuzi hazikupanda popote. Kisha akaigawa mashine katikati kwa kadibodi nyeusi yenye matundu ya kupitisha hewa: upande mmoja mwanga, upande mwingine giza. Taa ziliwaka saa 12 na kuzimwa saa 12, kama mchana na usiku wa Kibaha wenyewe.

Aliongeza jambo ambalo hospitali ilimfundisha, kwamba anayepima asijue anampima nani. Vifaranga walipokauka manyoya, mjukuu wake aliwafunga nyuzi miguuni, rangi moja kwa wa mwanga na nyingine kwa wa giza, na akakatazwa kusema ipi ni ipi. Bibi akakaa kwenye kigoda na saa yake ya mkononi. Kila kifaranga alilazwa chali kwenye kitambaa, akabanwa kifuani kidogo kwa vidole viwili, kisha akaachiwa. Kila mtoto aliyekulia kijijini amewahi kufanya mchezo huu na kuona kuku akiganda kama amekufa. Watafiti hutumia mchezo huohuo kupima woga: anayeganda muda mrefu ndiye mwoga zaidi. Mjukuu alishika kalamu, bibi alihesabu sekunde.

Mara ya kwanza idadi ya walioanguliwa ilikaribiana pande zote mbili, lakini wengi wa upande wa mwanga waliinuka mapema zaidi. Si wote. Mara ya pili umeme ulikatika usiku wa siku ya 16, mayai yakapoa kila upande, na tofauti haikuonekana kabisa. Aliandika hivyo hivyo, hakulifuta jaribio. Mara ya tatu ikafanana na ya kwanza. Yeye mwenyewe husema kwamba trei zake ni chache mno kumshawishi mtu aliyesomea, na mwandishi wa makala haya anakubaliana naye. Ila zilimtosha kuamua afanye nini na mashine yake.

Siku hizi hatumii kadibodi. Mayai yake yote hupata mwanga mweupe mchana na giza usiku, na siku ya 18 yanapohamishiwa trei ya kuangulia huhakikisha upande wenye chumba cha hewa haujafunikwa. Vifaranga wake wanapotolewa nje kwa mara ya kwanza, huketi kivulini kuwatazama. Kifaranga anaziendea chenga, kichwa kimeinama kidogo upande ili jicho la kulia lielekee chini. Anadonoa, anaacha kokoto, anadonoa tena. Kisha kinapita kitu juu, labda kunguru tu, na shingo inapinda ghafla, jicho la kushoto likiwa angani, mguu mmoja bado umeinuliwa. Sekunde mbili. Anarudi kwenye chenga.

Kilichomuumiza zaidi katika mambo yote haya ni mayai ya trei ya juu. Karatasi za mpwa wake zilikuwa sahihi, yeye ndiye aliyerukia rangi kabla ya kuuliza rangi hiyo inatoka kwenye taa ya namna gani. Wafugaji wanaomjia sasa huulizwa swali hilohilo kabla hawajakaribishwa ndani.

Mwezi uliopita alikuja jirani anayefuga kuku wa nyama. Alikuwa amesikia habari za kijani na vifua vikubwa, na mkononi alikuwa na pesa ya kununua taa.

“Mashine yako ina vipimajoto vingapi, baba?”

“Kimoja, mama. Kile ilichokuja nacho.”

“Kiko wapi?”

Jirani akafikiri. “Chini. Karibu na mlango.”

Mama akaingia ndani, akarudi na kaunta buku lake la zamani, akalifungua ukurasa wa zile globu nyekundu, akampa asome mwenyewe. Jirani alisoma amesimama, kidole kikifuata mistari: siku ya 19, trei ya juu, kitovu wazi, viza, viza, viza. Aliporudi kutoka mjini jioni ile alikuwa na vipimajoto viwili kwenye mfuko wa nailoni. Taa ya kijani alikuwa ameiacha dukani, akasema ataifuata akishajua trei yake ya juu ina nyuzi ngapi.